Mtumishi Mtiifu wa Kibwana Dengu

Hapo zamani, katika mji wa Pungume, alikuwako sultani aitwaye Mwinyi Hatibu, mtu mwenye akili nyingi kwa ushahidi wake mwenyewe. Siku moja aliletewa barua na balozi wa Waingereza, ya kumtishia mizinga, na chini yake imeandikwa kwa Kiingereza, "Ni mimi, mtumishi wako mtiifu." Karani alipomfasiria, Sultani akaisahau mizinga, akafurahia kupata mtumishi wa Kizungu.

Basi ikatoka amri kwamba kila barua nchini imalizike kwa maneno hayo. Na kwa kuwa Sultani hakupenda maneno matupu, yeyote atakayeyaandika kisha asimtii aliyemwandikia, atiwe gerezani. Ikawa watu wameacha kuandikiana, hata wachumba.

Nyuma ya jumba la Sultani aliishi Kibwana Dengu, fukara asiye na mbele wala nyuma, pamoja na mama yake mzee. Sultani akakitamani kiwanja chao ajenge banda la farasi, akaamuru waandikiwe wahame kabla ya Ijumaa. Karani, kwa kuiogopa sheria, akamalizia kama ilivyoamriwa. Sultani akapiga muhuri bila kusoma, maana kusoma aliona ni kazi ya makarani.

Mama akalia sana, kwani nyumba ile ndiyo aliyoingizwa akiwa bibi harusi, na hakuwa na pengine pa kwenda. Kibwana naye moyo ulimuuma kumwona vile. Akaisoma barua mpaka chini, akamwambia mama afungue mizigo.

Ijumaa ikapita. Askari wakamkokota Kibwana hadi barazani, na Sultani akamwuliza kwa nini hajahama.

"Ewe Bwana wangu," akasema Kibwana, "nimeandikiwa barua na mtumishi wangu, anataka nimpishe nyumba. Nami nimemkatalia."

"Mtumishi gani, nawe huna hata shati la pili?"

Kibwana akampa karani barua aisome mbele ya watu. Karani akasoma kwa sauti nzuri, hata "Ni mimi, mtumishi wako mtiifu," ila alipofika kwenye muhuri wa Sultani akaikunja barua upesi.

"Mimi sina makuu," akasema Kibwana. "Namwamuru mtumishi wangu aiache nyumba ya mama yangu. Asiponitii, sheria ya Sultani inajulikana, na gereza analijua lilipo."

Sultani akawatazama mawaziri wake, nao wakawa wanachunguza mikeka kwa bidii ambayo hawajapata kuionyesha kazini. Mwishowe akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni.

"Nimetii," akasema.

"Vyema," akajibu Kibwana. "Na paa linavuja."

Alasiri ile mafundi wa Sultani walikuwa juu wakiezeka makuti mapya, na mama yake Kibwana yuko chini, mikono kiunoni, akiwaambia wapi wamekosea.