Tanuri la Mama Kapinga

"Kompyuta haijui kucha wala kuchwa."

Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi ya Emiliana, mkacheka kwa sababu wazee walicheka, na sasa mnanizunguka mnataka kujua ilikotoka. Haya, kuuliza si ujinga. Kucha ni jua kuchomoza, hilo mnalijua. Kuchwa ni jua kutua, neno ambalo vijana mmelitupa wakati bado lina kazi. Methali yenyewe hatukuachiwa na mababu, maana mababu hawakuwa na kompyuta. Ni ya juzijuzi tu, imezaliwa hapahapa Mbinga, na chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo mwokaji mikate, Gaudensia Kapinga, mjane, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika. Mkate wake nimeula mimi. Ulikuwa na ngozi ngumu na moyo laini, na katika baridi hii yetu mtu aliufunga kwenye khanga akaukumbatia njia nzima hadi nyumbani kabla ya kuukata. Tanuri lake lilikuwa moja, la matofali, lakini liliwashwa mara tatu kwa siku. Moto wa alfajiri ulikuwa wake. Moto wa saa nne asubuhi ulikuwa wake pia, na aliupenda kuliko yote, kwa kuwa ndio aliouanza na marehemu mumewe. Moto wa jioni ulikuwa wa mzee Kasiani Ndunguru.

Huyu Kasiani ndiye aliyelijenga lile tanuri, tofali kwa tofali. Lilipokwisha, mume wa Gaudensia alimwambia, "Umelijenga, basi lioke pia," na tangu siku hiyo hakuwahi kufanya kazi nyingine. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimu anaitikia, ukimsifu anaangalia pembeni.

Sasa ikafika wakati kuni zikawa shida. Tanuri lilikula mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, na kiwanda kikapunguza kazi. Lori lililokuwa likija kila mara likaanza kuja kwa kudra ya Mungu. Gaudensia akapiga hesabu kichwani akaona mioto mitatu haiwezekani tena. Mmoja lazima uzimwe. Ila upi? Hapo ndipo alipokosa usingizi, kwa kuwa mwokaji wa alfajiri hulala na kuku, na mchana anasinzia, kwa hiyo ya dirishani pake pa kuuzia alikuwa akiyajua nusunusu. Aliwasikia wateja wa asubuhi wakigombana na kucheka huku yeye yuko nyuma na unga hadi kwenye nyusi. Wa jioni hakuwa amewaona siku nyingi. Alichojua ni kwamba kila alfajiri alikuta mikate kadhaa imelala kabatini, na alidhani ndiyo yote ya Kasiani.

Siku hizo alikuwa amerudi kutoka masomoni Songea binti wa kaka yake, Eufrasia, na kompyuta mpakato kwapani. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuchambua takwimu za biashara. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuitumia, na mnajua mtu aliyejifunza kitu jana anavyotafuta wa kumfundisha leo.

"Shangazi, hili ni swali la programu yangu hasa," alisema.

"Basi iulize, mwanangu. Iulize sasa hivi, niwahi kulala."

"Haiulizwi hivyo. Huyu si mganga, hapigi ramli. Kwanza tunamlisha."

"Anakula nini?"

"Habari. Kila mkate unaouzwa, tumwambie umeuzwa saa ngapi. Akishiba ndiyo anajibu."

Gaudensia akacheka mpaka akashika meza. Akasema kama mlaji huyo hataki kuni, ale anavyotaka.

Wakampa kazi hiyo Devota, msichana wa dirishani, aliyeuza asubuhi, akafunga mchana kwenda kula na kupumzika, akarudi jioni. Eufrasia akampa simu yake ya zamani na kumwonyesha jedwali lenye safu mbili. Hapa andika saa, hapa andika mikate mingapi. Basi. Devota alikuwa mtiifu, hakuruka hata mteja mmoja. Kila Jumapili baada ya misa Eufrasia alizichukua zile namba akazimimina kwenye programu, na shangazi yake alisimama nyuma yake na kikombe cha chai, akiangalia namba zikipanda kwenye kioo kama anayeangalia unga ukiumuka. Alianza hata kuipenda kompyuta ile. Aliipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge chake.

Namba zilipokuwa nyingi vya kutosha, Eufrasia akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na mchoro ukatokea. Chini ulikuwa na saa zimepangwa kuanzia moja hadi ishirini na nne, na juu ya kila saa ulisimama mnara, mrefu au mfupi, kwa kadiri ya mikate iliyouzwa.

"Ona, shangazi. Moja, mbili, na huku kumi na mbili. Hiyo ndiyo minara mirefu."

"Saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili," alisema Gaudensia. "Kweli kabisa! Ndio wale wa asubuhi, nawasikia kila siku. Lo, kimashine hiki kina akili."

"Sasa angalia huku kulia. Kuanzia kumi na tatu kwenda mbele ndiyo mchana na jioni yote."

Huku kulia hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe kama uwanja wa mpira siku ya mvua. Wote wawili wakapatazama pale peupe, na hakuna aliyekumbuka kuangalia penginepo.

"Jioni hatuuzi hata mmoja?" aliuliza Gaudensia polepole.

"Ndivyo inavyosema. Mikate ya jioni inalala tu kabatini, inauzwa kesho yake. Ukiioka alfajiri pamoja na mingine, hupotezi mteja."

Maneno yalikuwa na mantiki, na ndiyo yaliyomuumiza. Uwongo ungekuwa rahisi kuukataa. Moto wa kuzima ulikuwa umepatikana, nao ni wa Kasiani. Gaudensia akakaa kwenye gunia la ngano, akimfikiria mzee yule na mikono yake yenye alama za moto, na jinsi atakavyosema "Sawa, mama," akachukua koti lake akaondoka bila kuuliza sababu. Hilo la kutouliza ndilo alilolihofia zaidi. Afadhali mtu akutukane.

Akawa anaahirisha. Leo ana mafua, kesho kuna kwaya, keshokutwa si siku nzuri ya kumwambia mtu habari mbaya. Mwishowe lori la mabanzi likakosa kuja kabisa, na Gaudensia akaona kuchelewa zaidi ni kumwonea mtu mzima. Jioni ileile akajitanda kitenge, akaenda kwenye tanuri lake kwa saa ambayo hakuwa ameenda miaka mingi.

Hakuweza kufika mlangoni.

Watu walikuwa wamejaa kuanzia dirishani mpaka kwenye mtaro wa barabara. Walikuwapo walimu, mafundi wa baiskeli, akina mama waliotoka sokoni na ndoo tupu, na harufu ya mkate wa moto iliwaweka wote katika hali ya upole. Gaudensia akajaribu kupenya.

"Panga foleni, mama!" akafokewa na fundi mmoja ambaye hakumtambua chini ya kitenge. "Sote tuna watoto."

Akapanga. Nini tena? Alisimama kwenye foleni ya mkate wake mwenyewe, na mama mmoja wa mbele yake akamfariji kwamba asihofu, mzee Kasiani huoka mingi, hakuna anayerudi mikono mitupu isipokuwa wanaochelewa sana. Kidogo kidogo wakasogea. Jua lilikuwa likigusa milima, na Gaudensia moyoni alikuwa akijiuliza kama ile mashine imemdanganya au macho yake ndiyo yanayomdanganya.

Alipofika dirishani akamwona Devota akitoa mkate kwa mkono mmoja na kubonyeza simu kwa mkono wa pili.

"Umeandika nini hapo?" aliuliza.

Devota aliinua uso, nusura adondoshe mkate. "Shikamoo mama! Nimeandika saa, kama alivyosema dada Eufrasia."

"Marahaba. Saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na leo asubuhi, ulipofungua, uliandika ngapi?"

"Kumi na mbili. Si ndiyo saa ninayofungua?"

"Sasa ya asubuhi na ya jioni, kompyuta itazijuaje?"

Devota akaangalia anga jekundu nje, akaangalia simu, akamwangalia tena bosi wake kwa huruma, kama anayeogopa kwamba mama wa watu ameanza kuzeeka. "Lakini mama," alisema, "hii ni jioni. Inaonekana."

Gaudensia akaanza kucheka. Alicheka akiegemea ukuta, watu wa nyuma wakilalamika, machozi yakimtoka. Ninyi mnaocheka na kumwona Devota mjinga, niambieni: ni nani kati yenu aliyewahi kumwambia mwenzake "tukutane saa kumi na mbili" akataja na jua liko upande gani? Tunaonana, tunajua. Kilichokuwa hakijui ni kile kitu mezani kwa Eufrasia, ambacho hakina dirisha. Kilipewa kumi na mbili ya kucha na kumi na mbili ya kuchwa, kikazirundika kwenye mnara mmoja. Saa moja nayo vivyo hivyo, na saa mbili. Wateja wote wa Kasiani walikuwa wamesimama ndani ya asubuhi.

Akanunua mkate, akalipa, akaenda nao moja kwa moja kwa Eufrasia. Binti alipoelezwa alijishika kichwa.

"Jamani, shangazi! Na mimi nilijua kwamba kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Nilijua! Sikumwambia Devota. Kidogo tu nimfukuzishe mzee wa watu kazi."

"Tungemfukuza wawili, usijibebeshe peke yako. Kula mkate."

"Bora niifute hii programu."

"Uifute kwa kosa gani? Imekujibu ulichoilisha. Kaa hapo, tuanze upya."

Wakaongeza safu ya tatu, asubuhi au jioni, na Eufrasia akamfundisha Devota kuijaza, safari hii akimweleza na sababu. Ndipo Devota naye akacheka. Zile namba za zamani wakaziacha, maana hazikuweza kutenganishwa. Wakasubiri nyingine. Kuni zilikuwa haba, lakini Gaudensia aliunguza alizonazo kwa mioto yote mitatu bila kunung'unika, akalala usingizi wake wote.

Mchoro wa pili ulipotokea ulikuwa na vilima viwili, kimoja cha kucha na kimoja cha kuchwa, na cha kuchwa kilikuwa kirefu zaidi. Katikati palikuwa na bonde.

"Hili bonde ni nini?" aliuliza Gaudensia.

Eufrasia akasita. "Ni moto wa saa nne, shangazi."

"Wangu?"

"Wako. Hiyo mikate unayoikuta kabatini alfajiri ndiyo hiyo. Devota anasema wa jioni hutaka wa moto tu, na ya mzee Kasiani huwa inakwisha."

Ulikuwa moto wa mumewe ule, na mnajua lilivyo jambo la namna hiyo. Lakini mchoro wa safari hii aliuamini, kwa kuwa alijua umelishwa nini, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamesimama kwenye ile foleni. Akavuta pumzi. Akasema marehemu hakuwa mtu wa kuchoma kuni kwa ajili ya kabati. Siku ya pili yake moto wa saa nne haukuwashwa, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane Gaudensia alikunywa chai ya saa nne akiwa amekaa.

Kasiani hakuambiwa lolote, ila mji ni mdogo na Devota ana mdomo. Jioni moja Gaudensia alipopita, mzee alikuwa akikung'uta majivu.

"Mama," alisema, "siku ile uliyokuja ukapanga foleni, ulikuwa umekuja kuniambia nini?"

Gaudensia angeweza kusema alifuata mkate. Hakusema.

"Nilikuja kukuachisha kazi, mzee wangu. Kompyuta ilisema jioni hakuna watu. Nisamehe."

Kasiani akaendelea kukung'uta majivu kwa muda mrefu, mpaka Gaudensia akaanza kutamani amtukane. Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na ikachukua muda kujua kwamba anacheka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

"Ungeiambia," alisema. "Ile kompyuta haijui kucha wala kuchwa. Ungeiambia tu."

Devota aliyasikia dirishani, na kesho yake mji mzima ulikuwa ukiyasema. Tangu hapo, mtu akikimbilia kuamini jibu bila kuuliza lilitokana na nini, huambiwa maneno hayo. Ndiyo maana leo, mweka hazina wa harusi aliposoma kwenye simu yake kwamba ukoo wa bibi harusi haujachanga hata shilingi, na bibi harusi ana shangazi kumi na mmoja wamekaa mbele yake wamenuna, mzee wa kikao hakugombana naye. Alimwambia arudi akaangalie aliilisha nini.

Kompyuta haijui kucha wala kuchwa.