Siku Elfu Mbili Bila Kuzimwa

Wapendwa, kulikuwa na fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya wilaya. Wazee wa mstari wa mbele, msisinzie. Hadithi hii haihitaji kujua kompyuta, inahitaji kujua ubishi tu, na huo sote tunaujua.

Fundi huyu alitunza mashine iliyohifadhi kumbukumbu za wagonjwa wote. Ilitumia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, ile ya kulipia, ambayo kampuni yake hutuma masahihisho kila inapogundua tundu la kupenyea wezi wa mtandaoni. Kila Jumatatu fundi aliyapokea, hakukosa hata wiki moja. Lakini masahihisho hayo hayaanzi kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Huyu bwana hakuizima.

Kwa nini? Mafundi wa mashine hizi wana fahari yao: kuhesabu siku ambazo mashine imekaa bila kuzimwa. Huyu alibandika karatasi mlangoni, na kila asubuhi akabadili namba kwa kalamu nyekundu. Siku ya elfu moja alinunulia ofisi nzima soda. Siku ya elfu mbili akapiga picha na mashine yake, wamesimama kama bwana na bibi harusi!

Muuguzi mkuu akamwambia, "Kaka, si uizime dakika kumi tu? Sisi tutaandika kwenye kadi."

"Dada, niiharibu rekodi yangu? Na hizo kadi zako za karatasi peleka makumbusho."

Wiki moja baadaye, asubuhi kweupe, mwizi akapenya kwa mtandao na kuzifunga kumbukumbu zote. Katika wodi ya wazazi kulikuwa na mama anayetakiwa kupasuliwa haraka. Daktari anauliza, dawa ipi humdhuru mama huyu? Skrini nyeusi. Fundi jasho linamtiririka. Muuguzi mkuu akakimbilia droo yake, akatoa kadi ya karatasi. Mama akapona, na mtoto akalia wodi nzima ikamsikia. Ahsanteni kwa hiyo amina!

Mtaalamu wa kampuni alipofika, fundi alimdaka mlangoni. "Mbona hamkututumia dawa ya tundu hili?"

Yule mtaalamu akakagua, kisha akamtazama kwa huruma. "Tulituma, ndugu yangu, miaka mitatu iliyopita. Uliipokea mwenyewe. Imo humu humu ndani, inakusubiri uzime na kuwasha."

Mnamcheka? Haya, tucheke. Sasa niambieni, sisi tumepokea neno la kusamehe mara ngapi? Tumeliandika kwenye daftari, tumeitikia amina mpaka bati likatikisika. Na yule jirani hatujamsalimu tangu mwaka juzi! Tunasimama hapa kujisifu, "Nimeokoka miaka ishirini, sijatikisika." Hujatikisika, au hujakubali kubadilika? Neno limo ndani yetu, limekaa tu, halijaanza kazi.

Kwa hiyo leo sina neno jipya la kuwapa. Mnalo. Nafunga mahubiri nusu saa mapema, na hiyo nusu saa kila mtu aende kwa mtu wake. Mimi naanza na mzee wa kanisa ambaye sijaongea naye tangu tugombane juu ya rangi ya madirisha haya. Mzee, nakuona unanyemelea mlango. Tafadhali nisubiri, nakuja kukuomba msamaha.