Jirani wa Mbonea Mstarini

"Kujiunga ni mdomo, kutoka ni miguu," alisema Bibi Nanzia bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage. Mjukuu wake mmoja alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutaja yote aliyojiunga nayo shuleni muhula huo: kwaya, skauti, klabu ya mdahalo, na kundi la waliogomea uji.

Wajukuu wakataka kujua nani aliyetunga maneno hayo.

"Wahenga," alijibu Bibi. "Ila mhenga mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, tena mtovu wa adabu. Maneno haya yalizaliwa hapa hapa milimani Upare, na yalizaliwa namna hii."

Asubuhi moja ya kipupwe, pembe ya msaragambo ililia kijijini Kwevumo. Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, mwenye shughuli huiacha, na mwenye homa huja kukohoa hadharani ili asisemwe. Ukuta wa bwawa la kumwagilia mashamba ulikuwa umebomoka, na mawe ya kuujenga upya yalikuwa juu mwambani. Watu wakajipanga mstari kutoka mwambani hadi bwawani, jiwe likawa linapita mkono kwa mkono.

Mstari huo ulikuwa na desturi yake. Anayeingia alitaja jina lake na kusema, "Najiunga," na waliokuwamo wakamjibu, "Ungana nasi." Kazi ikiisha, kila mmoja alisema, "Natoka," akateremka hadi kwenye chungu cha maji, akanawa, akaenda kwake. Mstari haukuhesabiwa kuwa umefungwa mpaka wote waliojiunga wawe wametoka. Wazee hawakuwa na mzaha na jambo hilo.

Msichana huyo, Mbonea, alikuwa na mzaha na kila jambo. Kipaji chake kikubwa kilikuwa kuiga sauti za watu, na alikitumia bila kuombwa. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito hata akawa anaona viganja vyake tu. Watu walikuwa wachache. Kati yake na Mama Naelijwa, aliyekuwa chini yake mstarini, palikuwa na pengo la hatua mbili. Kila jiwe lilimtaka ajinyooshe, na mgongo ulishaanza kulalamika. Akaona dawa ya uchovu ni kicheko.

"Kajiru, najiunga," alisema kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, akamalizia na kikohozi kikavu.

Kajiru alikuwa fundi wa ukuta. Mwaka uliotangulia, ukuta ulimwangukia akiwa kazini katika mstari huohuo, akafa.

Mawe yalisimama. Mbonea akajiziba mdomo, mabega yakimtikisika. Ndipo kutoka juu, mzee mmoja asiyesikia vizuri akaitikia kwa mazoea tu:

"Ungana nasi."

Kazi ikaendelea. Mbonea alijinyoosha na jiwe lililofuata, na kabla mkono haujafika mwisho, jiwe likapokelewa.

Mikono iliyolipokea ilikuwa ya baridi, imelowa udongo.

"Acha utani, wewe," alisema, akidhani kuna mwenzake aliyeamua kumlipizia. Jiwe la pili likapokelewa, na la tatu. Mbele yake hapakuwa na uso, ila ukungu.

"Mama Naelijwa," akaita, "umesogea?"

"Nisogee niende wapi? Niko palepale," sauti ilijibu kwa mbali. "Ila sasa unanifikishia vizuri, mwanangu. Umerefuka mikono?"

Mbonea hakucheka. Mtu haachi mstari jiwe likiwa njiani, na mawe yaliendelea kuja. Akapokea, akatoa, akapokea, akatoa, mpaka jiwe la mwisho likapita.

Pembe ililia. Huku na huku watu walisikika wakisema, "Natoka," na hatua zao zikateremka. Mbonea naye akasema, "Mbonea, natoka." Akageuka aende, akashindwa. Mkono mmoja ulikuwa umeushika wake. Haukuminya wala haukuvuta. Ulishika tu, kama mkono wa mtu anayengoja kuonyeshwa njia.

Mzee Senzighe, msimamizi wa msaragambo, alikuja akiukagua mstari. Aliutazama mkono wa Mbonea ulivyonyooka kuelekea ukunguni, akashusha pembe yake.

"Nani hajatoka?"

"Mimi, Mzee."

"Na nani?"

Mbonea alitafuta uongo mzuri. Kwa mara ya kwanza maishani hakuupata.

"Kajiru. Nilimwingiza mimi, Mzee. Nilikuwa natania."

"Na yeye anajua kwamba ulikuwa unatania?"

Mbonea akakusanya sauti ileile nzito. "Kajiru, natoka," alisema, akakohoa. Ndani ya ukungu kikohozi kingine kikamjibu. Mkono haukuachia.

"Hayo ni maneno," alisema Mzee Senzighe. "Mwaka jana Kajiru alijiunga asubuhi kama wenzake, na jioni tukambeba. Hakunawa. Hakufika mlangoni kwake akapewa pole. Leo umemwita tena kazini. Mtoe."

"Nimtoeje?"

"Kama watu wanavyotoka. Mpeleke kwake. Usipomtoa, atabaki mstarini, na jirani yake ni wewe."

"Tutakwenda wote, Mzee?"

"Sisi tumeshatoka," alijibu kwa upole, akarudi nyuma hatua moja.

Basi Mbonea akateremka. Kwenye chungu alinawa kwa mkono mmoja, na maji yakageuka matope mekundu, mengi kuliko ya mtu mmoja. Akashika njia ya migombani. Nyuma yake kulikuwa na hatua nzito za mtu aliyechoka. Alipokwenda haraka, mkono ulilemea. Alipopunguza mwendo, ukawa mwepesi. Kwa hiyo alitembea mwendo wa Kajiru, njia nzima, bila kugeuka na bila mzaha hata mmoja.

Mjane wa Kajiru, Mama Chikira, alikuwa akimwaga majivu kwenye mashina ya migomba. Alimwona msichana akija, mkono mmoja ameuacha nyuma. Mbonea alifungua mdomo aeleze. Mama Chikira hakuwa akimtazama yeye. Alitazama nyuma yake, kwa muda mrefu, kisha akaweka chini kibakuli cha majivu na kujifuta viganja kwenye kanga.

"Pole na kazi, Baba Chikira," alisema. "Umechelewa sana. Pita ndani."

Mkono ukaachia.

Mbonea alirudi bwawani peke yake. Mzee Senzighe alikuwa bado amesimama palepale, maana mstari ulikuwa haujafungwa.

"Ametoka?"

"Ametoka."

"Kwa mdomo?"

Mbonea hakujibu kwa sauti yake wala ya mtu mwingine. Aliinua kanga, akamwonyesha miguu iliyojaa udongo hadi magotini. Mzee akapuliza pembe, na mstari ukafungwa. Tangu hapo Kwevumo husema: kujiunga ni mdomo, kutoka ni miguu.