Tiara la Bi Sungura na Matiara ya Fisi

Hapo zamani za kale, wajukuu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vita vyao, Mwewe alikuwa akishuka, fyuu, ananyakua watoto wao uani.

Bi Sungura akaunda tiara, kishada kikubwa cha kupandwa angani. Mianzi aliikausha darini msimu mzima, na nguo aliyoiwamba ni kanga yake nyepesi. Mwanawe Chande akalipanda, akapaa, Mwewe na jamaa zake wakatawanyika.

"Nataka mengine kama hili," Mfalme Simba akasema. "Kila kijana na lake."

Kazi akapewa Fisi, shemeji wa mfalme. Fisi hakungoja mianzi ikauke. Aliikata mibichi, akawamba ngozi nzito. Simba naye akataka yabebe mawe ya kumpigia adui. Lile la Bi Sungura likatundikwa barazani kwa mfalme, wageni walitazame.

"Mzee Fisi, haya yatapaa?" Bi Sungura akauliza.

"Umbo si lile lile, bibi? Wewe kasuke mikeka."

Aliyetangulia kupanda ni mtoto wa Mama Digidigi. Alifika usawa wa mnazi, mianzi ikajikunja. Puu! Hakuinuka.

"Amekufa shujaa," Simba akasema. "Kesho zamu ya Chande."

Bi Sungura hakulia. Asubuhi alikwenda uwanjani amejipamba, akapiga magoti mbele ya watu.

"Mfalme, wapo wenye ndimi ndefu. Wanasema langu ndilo tiara, ya Fisi ni majeneza. Nikamwonea huruma shemeji yako. Eti Mzee Fisi, si sawa na lile langu?"

"Sawa kabisa," Fisi akasema, kifua mbele.

"Basi tangulia wewe, Chande atakufuata."

"Apande tumwone," wakadakia watu wa nyuma.

Fisi akasukumwa, akafungwa mikanda. Akatazama juu, akatazama mawe yaliyofungwa chini yake.

"Nifungueni. Hili halipai. Nilijua tangu mwanzo."

Simba akainamisha uso.

Chande akarudi nyumbani na mama yake. Mama Digidigi aliokota mianzi ya tiara la mwanawe, akaitia jikoni. Mibichi, haikuwaka, ilitoa moshi tu. Akakaa hapo hapo akifuta macho, na hakuna aliyemwambia atoke kwenye moshi.

Basi hadithi yangu naiacha jikoni kwake: anayekuambia vyote ni sawa, mwambie atangulie kupanda yeye.