Shabiki na Jezi Namba Tisa

Wapendwa, najua wengi humu ni watu wa kandanda, na wengine mmeshaanza kuchungulia saa kwa ajili ya mechi ya jioni. Vumilieni kidogo. Leo nawapeleka kwenye mpira wa kikapu, kwenye chuo kimoja kidogo ambacho uwanja wake ni sakafu ya saruji, nje, juani. Mvua ikinyesha hakuna mchezo mpaka mtu afagie maji.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwenye bucha mmoja. Hakusoma pale, wala hakuwa na mtoto pale, lakini timu ile ilikuwa yake. Siku ya mechi alifunga bucha mapema. Wateja wagonge mpaka wachoke, yeye yuko jukwaani, kiti cha mbele, nyuma ya benchi la wachezaji. Na mdomo anao. Watu wa namna hii mnawajua. Wengine mmekaa nao benchi moja sasa hivi.

Katika timu alikuwamo kijana mmoja mrefu, jezi namba tisa. Mwenye bucha akambandika jina, Mlingoti. Kijana akikosa, utasikia, "Mlingoti, nenda benchi ukapumzike." Akifunga, kimya. Nasema kimya, wapendwa, hata kofi moja. Jirani yake wa jukwaani, fundi viatu, aliwahi kumwuliza, "Mbona huyu akifunga humpigii makofi?"

Akajibu, "Nikimsifu atavimba kichwa. Siku akituletea kombe, nitamsifu."

Basi msimu mmoja wakafika fainali. Timu iko nyuma kwa pointi moja, sekunde zimebaki za kuhesabu, refa anampa namba tisa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili ukazunguka kwenye pete, watu wameshika roho, ukatoka nje. Mwenye bucha akasimama juu ya kiti, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia, "Rudi kwenu ukalime!" Kijana akageuka, akamtazama, akainamisha kichwa.

Baada ya siku chache kijana yule alivuka barabara, akasimama mlangoni pa bucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nikupimie kiasi gani?"

"Sikuja kununua, mzee. Nilikuja tu nikuone, kwa sababu..."

"Kama hununui, nenda kajifunze kutupa. Tutaongea msimu mpya."

Kijana akatabasamu kidogo. "Haya, mzee. Ubaki salama."

Mwenye bucha akaendelea kukata nyama. Sasa niwaulize ninyi: mtu unayeonana naye kila siku huwa anakuambia "ubaki salama"? Lakini masikio yetu huwa wapi tukiwa na hasira?

Chuo kikafungwa. Jioni hakuna mdundo wa mpira, uwanja umebaki na mbuzi wa watu. Na katika ukimya ule mwenye bucha akaanza kukumbuka mambo asiyotaka kuyakumbuka. Kwamba mvua ikinyesha, aliyeshika ufagio kukausha uwanja ni Mlingoti. Kwamba kila mechi, hata baada ya matusi, kijana yule alipita mbele yake na kumwamkia. Akaona aibu, peke yake, kati ya minofu. Akasema moyoni, "Msimu huu nitamwita kwa jina lake, na akigusa mpira tu nitasimama."

Hapo ndipo alipogundua kwamba jina lake halijui. Akaenda kwa fundi viatu.

"Hivi, Mlingoti anaitwa nani hasa?"

Fundi akamtazama. "Umemfokea muda wote huo na jina lake hulijui?" Akamwambia. Mwenye bucha akalirudiarudia jina lile huku anapima nyama, asije akakosea. Na kila mteja alimweleza, "Timu yetu mwaka huu ni nzuri. Namba tisa amekomaa, mtaona."

Msimu ukafunguliwa. Akavaa shati la pasi, akawahi kiti chake. Vijana wakatoka mbio kuingia uwanjani, na jezi namba tisa imevaliwa na kijana mfupi, mnene, asiyemjua. Akamfuata kocha.

"Kocha, mwenye namba tisa yuko wapi?"

"Yule alimaliza chuo, mzee. Amerudi kwao."

"Mbona hakuniaga?"

Kocha akashangaa. "Si alikuja buchani kwako? Alitoka hapa akisema anakwenda kukushukuru. Alikuwa akituambia, tukifungwa vibaya watu wote huondoka, ila mzee wa bucha hubaki mpaka mwisho."

Mwenye bucha akarudi kwenye kiti. Mpira uliporushwa juu akasimama, akaliita lile jina kwa sauti yake yote. Vijana wapya wakageuka, wakatazamana. Hakuna aliyeitika.

Wapendwa, mtu yule alijua fika kwamba wanafunzi huja na kuondoka. Lakini huyu wake alimwona yupo tu, kama nguzo ya goli. Na sisi je? Mkeo amepika miaka yote umekaa kimya. Siku chumvi ikizidi ndipo unapata sauti. Mwalimu wetu wa kwaya, msimgeukie, nani kati yetu amewahi kumwambia asante? Tunasubiri mtoto afaulu, mume apande cheo, kaka aache pombe, ndipo tuwape neno jema. Mungu Baba alimsifu Mwanawe siku ya ubatizo, pale mtoni, kabla Mwana hajaponya mgonjwa hata mmoja. Hakungoja kombe. Sisi tumetoa wapi hii tabia ya kungoja?

Inaniuma kusema, lakini wako watu wetu waliokwisha kuondoka, ambao neno letu halitawakuta tena, na hilo hatuwezi kulirekebisha. Tutalibeba.

Jina la yule kijana sikulitaja, nanyi mmeona. Kila mmoja wetu analo la kwake la kuweka pale. Ibada ikiisha, mechi itangoja. Mtafuteni mwenye jina hilo, mmwite, wakati bado yupo wa kuitika.