Koti la Magamba Saba

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa hili: mke alipiga kiganja mara mbili kwenye kochi, mahali pa mtu wa pili, akasema, "Mwalimu, njoo basi tuingie kwa Mfalme wa Shimo."

Mume hakuinua kichwa. Alikuwa mezani na bunda la mitihani, kalamu nyekundu mkononi. Alifundisha jiografia katika chuo cha ualimu, na somo lake hasa lilikuwa milima ya volkano.

"Mfalme gani anakaa ndani ya lava, mama?" alisema. "Lava ina joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Hata mfupa haubaki."

"Volkano yako wewe imelala kitabuni. Ya kwangu inatema."

"Na unairukia na viatu vya kamba."

"Viatu vya kamba, ndiyo. Una wivu tu." Akapiga tena kiganja kwenye kochi. "Njoo, baba. Dakika kumi."

"Umekwama tena?"

Mke akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeamua yaishe. "Haya, nimekwama. Njoo."

"Nikimaliza bunda hili."

Bunda lilikuwa na karatasi sitini na mbili. Alipofika ya mwisho, televisheni ilikuwa imezimwa, na padi ya pili imerudishwa kwenye nailoni yake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mke huyo, ambaye alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyezishonea majoho kwaya mbili za mtaa wao, aliinamia mashine yake kana kwamba anatafuta sindano iliyodondoka. Hakuinuka. Madaktari walisema ni mshipa wa kichwani.

Ndugu zangu, naona wazee wa benchi la mbele mnatazamana. Mnajiuliza, mama mtu mzima, fundi wa kuheshimika, na Mfalme wa Shimo wapi na wapi? Nivumilieni niwaeleze. Lilikuwa gemu. Binti yao alipoolewa mbali aliiacha nyumbani mashine ya kuchezea, na mama yake, aliyeanza kuigusa ili aifute vumbi, akanasa. Katika gemu hilo kuna mlima wa moto, na ndani ya mlima kuna njia ya mapango, na katika kila pango kubwa kuna adui anayelinda mlango wa kuendelea mbele. Wachezaji huwaita maadui hao mabosi. Msicheke, nyinyi wa maofisini. Bosi wa kwanza ni Nyoka wa Majivu. Wa pili ni Mhunzi, anayeponda chuma chekundu na kukurushia vipande. Wa tatu ni huyo Mfalme, mnyama mwenye magamba kama bati la paa, anayelala katikati ya ziwa la moto. Ukitaka unapambana nao peke yako. Ukitaka mnaingia wawili, kila mtu na padi yake mkononi, kile kidude cha vitufe.

Sasa mmeelewa. Turudi kwa yule bwana.

Walimlilia, wakamzika, arobaini ikapita. Ndugu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kila mtu na begi lake. Binti naye akarudi kwa mumewe. Nyumba ikabaki na mtu mmoja na vikombe kumi na sita vilivyooshwa vyote.

Mnajua kinachomtafuna mfiwa? Wengi hudhani ni mambo makubwa. Huyu bwana hakutafunwa na makubwa. Alitafunwa na dakika kumi. Mke wake alikwama mahali, akaomba msaada, na yeye msaada huo hakuutoa. Basi akajisemea: nitamalizia alipoishia. Nitamshinda huyo Mfalme kwa ajili yake, liwe limekwisha.

Alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa utaratibu. Gemu lile hutunza safari za watu mbalimbali, kila moja peke yake, na yeye hakutaka kuigusa safari ya mkewe kabla hajajua kazi, asije akaiharibu. Akaanza ya kwake, kutoka chini kabisa ya mlima. Alishika padi ya mkewe. Chini ya kidole gumba cha kushoto mpira ulikuwa umelika, umefanya kishimo, na gumba lake likaingia humo. Alikaa hivyo kwa muda kabla ya kubonyeza chochote.

Kila alasiri, akitoka chuoni, alicheza. Aliweka daftari pembeni, akaandika kama anavyoandika mtafiti: Nyoka huvuta pumzi mara tatu kabla ya kutema. Mhunzi hubadilisha mkono baada ya pigo la tano. Nyoka alimuua mara kumi na tisa. Mhunzi akamuua mara thelathini na moja. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, na vidole vyake havikuzoea mambo hayo.

Siku moja, katikati ya pambano na Mhunzi, simu ililia. Alikuwa baba mkwe wake, mzee mjane, aliyekaa upande wa pili wa bonde na hakuweza tena kutembea mbali.

"Mwanangu, redio yangu imegoma. Njoo unitazamie."

"Sawa, baba. Nitamtuma fundi kesho."

"Fundi wa nini? Si ni redio tu."

"Ndiyo maana, baba. Fundi ataimaliza mara moja."

Fundi alikwenda. Jioni akampigia bwana yule: redio haina tatizo lolote, inaongea vizuri, na mzee amenikaribisha chai nikanywa. Bwana akamshukuru, akarudi kwa Mhunzi. Wiki iliyofuata redio ikagoma tena. Akamtuma fundi tena.

Wiki ya tano akafika kwa Mfalme. Hapo ndipo alipojua lava ya kwenye gemu nayo ni lava. Ukitua vibaya hatua moja tu, umeungua. Kijijini, chini ya mlima, yupo kibibi anayeshona makoti, na koti moja kati ya hayo halipenywi na moto kabisa. Lakini kibibi halishoni bila magamba saba ya Mfalme, na Mfalme akishindwa huacha gamba moja tu. Kesho yake anainuka tena mzima. Anayetaka koti inabidi arudi ziwani mara saba, na zote aingie bila koti. Bwana yule alisoma maelezo hayo akatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nani mwenye wazimu wa kufanya hivyo?

Jumamosi moja, saa tisa alasiri, alimshinda Mfalme. Mnyama alizama, gamba moja likabaki likielea. Alisimama, akanywa maji, akakaa tena. Sasa alikuwa tayari. Alitoka kwenye safari yake, akaifungua ya mkewe, amalizie kilichobaki.

Hakukuwa na kilichobaki.

Alimkuta yule mwanamke wa kwenye gemu, aliyechezeshwa na mkewe, amesimama nje ya mlango wa Mfalme na viatu vyake vya kamba. Mlango ulikuwa na alama ya aliyeshinda. Bwana akafungua ukurasa wa kumbukumbu. Mfalme wa Shimo: ameshindwa mara saba. Ya kwanza ilikuwa na tarehe ya miezi minane kabla ya ule usiku wa mitihani. Ya saba ilikuwa ya Jumapili, siku mbili kabla ya usiku ule.

Na mwanamke yule hakuwa na koti. Alivaa shuka la kuanzia, ambalo kila mchezaji hupewa bure.

Pembeni yake alisimama mtu wa pili. Alikuwa mnene kidogo tumboni, amevaa miwani. Juu ya kichwa chake paliandikwa: Mwalimu. Nguvu zake zilikuwa sifuri, maana hakuna aliyewahi kumchezesha. Hakuwa na upanga wa maana. Lakini kutoka shingoni hadi miguuni alikuwa amevikwa koti la magamba, limemkaa sawasawa, na chini ya skrini palikuwa na maandishi: Mchezaji wa pili anasubiriwa. Washa padi ya pili.

Bwana yule aliitoa padi ya pili kwenye nailoni. Akaiwasha. Mwalimu kwenye skrini akainua kichwa, akajikung'uta majivu mabegani. Sasa alikuwa na padi mbili, na mtu mmoja. Akamwongoza Mwalimu hatua nne, hadi akawa bega kwa bega na yule mwanamke wa viatu vya kamba. Kisha akaziweka padi zote mbili mezani, moja kando ya nyingine, na hakuufungua mlango.

Ndugu zangu, hapa nataka tusimame.

Je, yule mama alikwama? Hakukwama. Alimshinda adui mara saba, peke yake, bila koti, ili mtu asiyejua kuruka asiungue siku yake ya kwanza. Basi kwa nini alisema amekwama? Kwa sababu aliulizwa hivyo. Mumewe alimpa mlango mmoja tu wa kumwitia, mlango wa shida, naye akakubali kupita hapo. Angesema, "Sijakwama, nataka ukae hapa," angejibiwa nini? Nyinyi wenye ndoa mnajua angejibiwa nini.

Simlaumu bwana yule kwa kutojua siku. Siku nani anaijua? Wala simlaumu kwa mitihani. Wanafunzi wale walistahili majibu yao. Kosa lake lilikuwa dogo, na ndilo kosa letu sisi tunaojiona watu wa maana. Mtu akituita, tunaitazama ile kazi. Tunaipima. Tukiona ni ndogo tunaahirisha, tukiona inamfaa fundi tunamtuma fundi, tukiona inamalizwa kwa simu tunaimaliza kwa simu. Kisha tunalala vizuri, maana kazi imefanyika. Aliyetuita je? Yeye amefanyika?

Niwaulize na hili, kisha nikae. Bwana wetu anatuita kila siku. Njooni muwatazame wagonjwa, njooni muwalishe wenye njaa, njooni mfanye kazi pamoja nami. Nasi tunafika tumekunja mikono ya mashati, tumekunja na nyuso, kama watu waliokuja kumkwamua. Mnadhani amekwama? Mnadhani bila harambee yetu na bila kamati zetu adui atamshinda? Adui huyo ameshashindwa, kabla hata hatujazaliwa. Aliyemshinda ndiye anayepiga kiganja kwenye kochi. Ametushonea koti, yeye akabaki na lile shuka. Na sisi tunamjibu bila kuinua kichwa: nikimaliza bunda hili.

Msiende nyumbani mkamwonee huruma yule bwana. Nendeni mkakumbuke ni nani amewapigia simu wiki hii kwa jambo la kipuuzi. Dari inavuja, na hakuna mvua. Simu imejifunga, nayo ndiyo aliyokupigia. Kumbukeni, mumjue.

Mtaniuliza, yule bwana alifanya nini? Kesho yake ilikuwa Jumapili, na sitawaficha: hakuja kanisani. Nami sikumtafuta. Kengele ya kwanza ilipolia alikuwa ameshashuka bonde, anapanda upande wa pili. Alimkuta baba mkwe wake barazani, redio kwenye kigoda, kwaya inaimba kwa sauti kubwa.

Mzee alimwona akiingia uani. Akaunyosha mkono haraka, akaizima.

"Imegoma tena, mwanangu," alisema.

"Naiona, baba," akajibu. Akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa redio, na hadi jua la saa sita hakuna kati yao aliyeigusa.