Jina la Kwanza kwenye Makala ya Mahindi

Aliyesoma na asiyesoma, vuteni viti. Hii ni hadithi ya watu wenye akili, kwa hiyo ina upumbavu mwingi ndani yake.

Katika chuo kikuu kimoja walikuwepo watafiti watatu. Masunga wa kilimo alijua kukaa na wakulima mpaka wakamfungulia ghala zao. Nsia, daktari wa watoto, aliuona ugonjwa kabla mama mtu hajaushuku. Kokushubila wa takwimu alizibana namba kwa maswali mpaka zikasema kweli. Wote walikuwa na mikataba ya muda, na mkataba wa muda, kama hamjui, ni kumwajiri mtu huku umemshikia mlango atoke.

Watoto wa wilaya moja walikuwa wanadumaa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Masunga akaenda. Msimu mzima wa mavuno alilala kwenye nyumba za watu, akaanika nao mahindi, akachukua sampuli kila ghala. Bila Masunga, pasingekuwa na cha kupima.

Nsia akaenda. Akina mama walikataa watoto wao watolewe damu, maana waliomtangulia walichukua damu wakapotea nayo. Yeye aliwarudishia majibu mlango kwa mlango, na ndani ya damu ile akakuta sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka. Bila Nsia, mahindi yangebaki mahindi.

Kokushubila hakwenda popote. Alikaa. Aliyaweka mahindi ya Masunga kando ya damu ya Nsia, akapambana nayo mpaka akaona: watoto wenye sumu walitoka kwenye nyumba zilizoanika juu ya udongo mtupu, hata pale mahindi yalipoonekana masafi. Walioanika juu ya turubai, watoto wao wazima. Bila yeye, wenzake wangebaki na magunia na chupa za damu.

Ikabaki kuandika majina. Huko chuoni, mwenye jina la kwanza ndiye mwenye makala. Wanaofuata ni abiria.

"Mahindi ni yangu," alisema Masunga.

"Na damu uliitoa wewe?" Nsia akamuuliza.

"Bishaneni tu, wenzangu," alisema Kokushubila. "Mkimaliza, mnieleze nani kati yenu anaweza kulisoma lile jedwali."

Wakanuniana. Mwishowe wakayapanga majina kwa alfabeti, wakaituma makala kwenye jarida kubwa la ng'ambo. Ikarudishwa bila kusomwa. Basi, ili ipokelewe, na ili wao wasigombane tena, wakamweka mbele Profesa Rwezaura, mkuu wa kitivo.

"Wekeni tu, wanangu," alisema, bila kuuliza inahusu nini. "Mimi sina makuu."

Jarida lilelile likaipokea.

Makala ikapaa. Madaktari wakainukuu, mabwana shamba wakainukuu, wanatakwimu wakainukuu. Majukwaani Profesa akaanza kutambulishwa kama bingwa wa nyanja tatu. Alichokijua katika nyanja zote tatu ni ugali.

Ndipo chuo kikatangaza kiti kimoja cha kudumu cha utafiti wa sumukuvu. Atakayekikosa, mkataba wake ukiisha ndiyo basi. Wale watatu wakaomba. Profesa, aliyekuwa anakaribia kustaafu, naye akaomba.

Mwenyekiti wa kamati ya kuwahoji waombaji alikuwa Mama Mbelwa. "Profesa," alisema, "nyumba zilizonunua unga dukani mliziondoa kwenye hesabu. Kwa nini?"

"Hayo waulize vijana."

Vijana wenyewe wana mvi.

"Kwa hiyo makala si yako."

"Niliomba kuwekwa mbele, Mwenyekiti? Na bila jina langu nani angeifungua? Ilirudi kama ilivyokwenda. Waulize."

Wakaulizwa. Wakakiri, kwa sababu ni kweli, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: mzee hakusema uongo.

"Tulimweka ili tusigombane, Mama," alisema Masunga.

"Mkaogopa kugombana, mkamkabidhi mpita njia nyumba," alijibu Mama Mbelwa. "Leo mnataka nimtoe mimi."

"Mtoe," alisema Nsia. "Halafu useme nyumba ni ya nani. Mimi nina watoto wa kusomesha."

"Na mimi nina wazazi," alisema Kokushubila. Hakumtazama Nsia. Zamani walikuwa wakila sahani moja.

Mama Mbelwa akafunga jalada, akawageukia wajumbe. Nami nawageukieni nyinyi. Aliyeleta mahindi, aliyeleta damu, aliyeviunganisha, au mwenye jina lililofungua mlango: kiti ni cha nani? Na msiniambie wagawane. Kiti hakigawanyiki, na ni kauli hiyohiyo, ya kutaka amani kwanza na haki baadaye, iliyompandisha Profesa juu ya migongo yao. Nataka jina moja, na nataka ulitaje huku mwenye jina hilo na wale uliowanyima wakikutazama usoni.

Haya, wewe uliyekaa kimya, ungeamua vipi?